Afikaye Kwanza Jiweni

2 Agosti

Shemeji,

Mimi mzima, kwa maana kwamba nakula nikikumbushwa na nalala nikichoka. Wewe sijui. Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe, na naona kabisa ulivyokaa unaitazama. Nikasema nikuandikie, maana barua hailii ikanyamaza.

Umehama bila kuaga. Wiki mbili tu baada ya kumzika rafiki yako, naenda stesheni kukuulizia, naambiwa karani wa tiketi ameomba uhamisho na amepewa. Miaka kumi na moja, kila Jumamosi ya kipupwe, umeingia jikoni kwangu alfajiri na viatu vyako vya tope, ukanichukulia mume kwenda kuhesabu ndege huko uwandani juu, kwenye upepo na sakitu, mahali ambapo hata mbuzi hukataa kupelekwa. Nilikuwa nawaita wendawazimu wawili. Sasa mmoja amekufa, mwingine amehama, na sakafu ya jikoni kwangu ni safi siku saba za wiki. Sina hata wa kumfokea.

Nina maswali mawili. Najua polisi wamekuuliza na daktari amekuuliza, lakini hao walikuwa wanajaza fomu.

La kwanza, alisema nini siku ile? La pili, ukungu uliposhuka saa sita mchana, kwa nini hakurudi nyumbani? Mume wangu alikuwa fundi saa. Akichelewa dakika tano aliomba radhi ya dakika tano. Na wewe unajua baridi ya huko juu ilivyo, yeye pia alijua.

Nikwambie kwa nini nauliza. Asubuhi ile tuligombana. Koti lake la kijani lilikuwa limetoka kifungo cha juu kabisa, cha shingoni, na wiki nzima alikuwa ananikumbusha. Mimi nina sare arobaini za shule mezani na mwalimu mkuu ananigongea mlango. Nikamwambia, "Wapelekee ndege wako wakushonee." Akasema, "Mtaa mzima unavaa mkono wako, mimi natembea kifua wazi." Nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Akatoka.

Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo wasemavyo, na watu hucheka. Mimi siwezi kucheka. Mume wangu amekufa kwa baridi na koti lake lilikuwa wazi shingoni.

Vitu vyake vilivyotoka hospitali viko kwenye mfuko juu ya kabati. Sijathubutu kuufungua.

Nijibu, tafadhali.

Shemeji yako,
Mke wa Fundi Saa


11 Agosti

Shemeji yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Niwie radhi kwa kuondoka kimya. Mambo ya kazi unayajua, mtu hupangiwa. Chumba nilichopewa kiko nyuma ya ghala la mizigo na dirisha lake linatazama mabehewa. Huku ni bondeni, joto, na ndege wenyewe ni kunguru na shomoro. Siwahesabu.

Unauliza alisema nini. Hakusema mengi. Tulipanda kama siku zote mpaka kwenye lile jiwe refu, tukaagana hapo saa tatu. Utaratibu wetu alikuwa akikueleza: yeye huzungukia kulia, upande wa kigongo, mimi kushoto, upande wa bwawa. Kila mmoja anaandika ndege aliowaona na saa aliyowaona. Saa saba tunakutana tena jiweni, tunalinganisha, ndege mmoja asije akahesabiwa mara mbili. Kisha kila mmoja anatia sahihi kwenye ukurasa wa mwenzake, ndipo tunashuka.

Siku ile tulipokutana aliniambia nitangulie, yeye atabaki kidogo. Alikuwa na mawazo. Nilimwona hana haraka ya kurudi. Nikashuka. Hivyo ndivyo nilivyowaambia polisi na sina la kuongeza.

Usijilaumu kwa kifungo. Kifungo kimoja hakiui mtu.

Nina ombi dogo. Kwenye huo mfuko lazima litakuwemo daftari lake. Chama cha watazama ndege kinangoja hesabu zetu za mwaka. Humo ni tarakimu na vifupisho tu, hutaambulia kitu, utajiumiza bure. Naomba unitumie kama lilivyo, bila kulifungua.

Shemeji yako,
Karani


20 Agosti

Shemeji,

"Hana haraka ya kurudi." Nimelala na maneno hayo siku nne. Nashukuru kwa kunieleza ukweli, maana majirani wote wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alikupenda, alikusifia, usilie. Wewe peke yako umeniambia. Basi alikaa kwenye baridi ile kwa kupenda kwake, kuliko kuja kukaa na mimi. Miaka thelathini na mbili ya ndoa. Nilikuwa najiuliza kama nilimwua kwa kifungo. Sasa najua nilimwua kwa mdomo.

Ila nilidhani ninyi wawili hamshuki mmoja mmoja. Alikuwa akinihubiria jambo hilo hapa mezani: afikaye kwanza anasubiri, hashuki mtu peke yake. Nilichoka kulisikia. Labda lilikuwa la kuniondoa wasiwasi tu.

Daftari nakutumia. Nimepanda kwenye kiti nikashusha mfuko, nikalitoa. Sikulifungua. Ni mambo yenu ninyi wawili, na mimi katika mambo ya ndege nilikuwa mtu wa kufua soksi. Koti nimeliona. Pale penye kifungo alikuwa amepabana kwa pini, ile ya nepi, sijui aliiokota droo gani. Alibana mwenyewe, kwa vidole vyake vile vya kushika skrubu ndogo. Nilikaa chini sakafuni na koti mpaka binti yangu aliporudi kutoka kazini akaniinua.

Kushona nimeacha. Sare kumi na sita zilizobaki nimezirudisha vitambaa. Kila nikishika kifungo mkono unakataa.

Shemeji yako,
Mke wa Fundi Saa


1 Septemba

Shemeji,

Daftari limefika salama. Ahsante.

Karani


28 Septemba

Shemeji,

Maneno manne ndiyo uliyonipa kwa daftari la marehemu. Hata tiketi ya treni ina maneno zaidi.

Sikuandikii kugombana. Nakuaga, kwa sababu wewe hukuniaga na mmoja wetu lazima awe na adabu. Binti yangu amepata chumba kwingine na anataka nihamie huko nikae naye. Duka la saa limefungwa, saa za watu nimewarudishia. Moja ilikuwa bado inatembea, nilimpa mwenyewe nikiwa nimegeuza uso. Cherehani kuna mshonaji mwenzangu anaichukua tarehe thelathini na moja Oktoba. Binti analia kuliko mimi, anasema mama bila cherehani atakuwa nani. Nimemwambia atakuwa mama aliyekaa kwenye kiti.

Sikulaumu kwa lolote. Ulikuwa naye mpaka akakufukuza, na mimi nilimfukuza kabla yako.

Kaa salama na kunguru wako.

Mke wa Fundi Saa


9 Oktoba

Shemeji,

Usiitoe cherehani. Soma kwanza barua hii hadi mwisho, kisha unifanye upendavyo.

Nilikudanganya. Hatukukutana jiweni. Mumeo hakuniambia nitangulie na hakuwa na mawazo yoyote ambayo mimi nayajua. Saa tatu tulipoagana alikuwa anacheka kwa sababu nilikuwa nimevaa soksi zisizofanana. Hilo ndilo la mwisho alilonifanyia.

Saa sita kasoro robo, upande wangu wa bwawa, alitoka bundi kwenye majani. Bundi wa uwandani, yule anayewinda mchana, anayeruka chini chini kama mtu aliyedondosha kitu. Miaka kumi na moja tulimtafuta, mimi na mumeo. Tulimsikia kwa wenzetu tu. Nikamfuata. Alikuwa anatua, nakaribia, anaruka tena. Nikavuka kijito. Ukungu ukashuka nami namfuata. Saa saba ilipita naiona kabisa kwenye saa yangu, saa ambayo mumeo mwenyewe aliitengeneza.

Kisha nikasikia filimbi yake. Mara mbili. Kwa hiyo alikuwa ameshafika jiweni na ananiita. Nikajiambia, dakika tano. Shemeji, dakika tano hizo ndizo ninazolala nazo kila siku.

Nilipogeuka sikuuona mkono wangu. Nikafuata kijito kwenda chini, kwa kuwa maji hayapotei njia, nikatokea barabarani upande wa pili wa mlima. Pale pana kibanda cha chai. Niliingia. Nilijiambia ukungu wote huu, ameshashuka huyu, yuko nyumbani anakula. Nilijiambia hivyo huku nikijua kwamba hajashuka, kwa sababu kanuni ile aliitunga yeye na hakuwahi kuivunja. Nikanywa chai vikombe viwili. Nikasubiri viatu vikauke. Ilipofika saa kumi na moja ndipo nilipoita watu.

Kumbe alikuwa ananisubiri mimi. Hakukukimbia wewe, alinisubiri mimi.

Wengine wangesema ni nuksi ya bundi. Bundi hana kosa, alikuwa anatafuta panya wake. Nilisema uongo kwa polisi kwa hofu. Kwako nilisema kwa aibu, na sikufikiri utabebeshwa nini na uongo huo. Ulipoandika kwamba ulimwua kwa mdomo, nilipaswa kupanda treni siku ile ile. Badala yake nilikuwa naomba daftari, ili nilifiche.

Nimekaa nalo wiki tano. Nakurudishia ndani ya bahasha hii. Ukurasa wa mwisho una maandishi mabaya, vidole vilikuwa vimeganda, kwa hiyo nakunakilia hapa usipate tabu:

"Saa 6:50. Nimefika jiweni. Kwale kumi na wawili, kipanga mmoja. Ukungu mzito.

Saa 7:30. Karani bado. Nimepiga filimbi.

Saa 8:10. Manyunyu. Pini ya koti inafanya kazi. Asubuhi nimemgombeza mama watoto bure, kifungo nilikidondosha mwenyewe kwa kukichezea. Nikirudi nimwombe radhi kabla ya kuvua viatu.

Saa 9:15. Karani bado. Lazima ameona kitu cha maana, yule. Namwonea wivu. Nasubiri.

Saa 9:40. Nasubiri."

Baada ya hapo pana mistari mitupu, na mahali pa sahihi yangu pako wazi. Sikuthubutu kutia.

Sina haki ya kujiita shemeji yako. Polisi nao nitawaandikia.

Karani


25 Oktoba

Karani,

Sikuiti Shemeji katika barua hii. Tutaona huko mbele.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa, kisha nikatoka uani nikapiga kelele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani panaungua. Vikombe viwili! Kimoja ningekielewa. Mtu ametoka kwenye baridi, anatetemeka, kikombe kimoja ni dawa. Cha pili ulikuwa unanywa nini?

Na miezi miwili umeniacha na uongo wako kitanda kimoja. Nilikuwa nageuka usiku nauambia, sogea. Ulikuwa unajua. Ulishika mkononi mwako karatasi iliyosema mume wangu anarudi nyumbani kuniomba radhi kabla ya kuvua viatu, ukaniandikia "Ahsante".

Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nasema uongo, na uongo tulionao unatutosha. Polisi waandikie, ni vizuri, lakini usidhani ukimaliza na polisi umemaliza na mimi.

Sasa nikwambie mengine, maana huna wa kukwambia. Cherehani haiondoki. Mshonaji mwenzangu amenuna, atachangamka. Daftari nimelisoma lote, tangu ukurasa wa kwanza, na si kweli kwamba sitaambulia kitu. Kumbe pembeni mwa kwale na bata mume wangu alikuwa anaandika mambo. "Mama watoto amepika leo, sikustahili." "Karani ana kikohozi, nimpelekee asali." Wewe ulisoma ukaona tarakimu tu?

Neno lile la wivu nimelirudia sana. Wewe labda umelisoma kama hukumu. Mimi nilimjua mtu yule. Alikuwa amekaa kwenye manyunyu, anaganda, na anafurahi kwa ajili yako. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote na ndilo linalonizuia nisikuchukie nipendavyo. Hata kukuchukia amenivurugia.

Sikiliza basi. Ukurasa ule hauna sahihi, na yeye asingekubali ukurasa usio na sahihi. Kipupwe kijacho, Jumamosi ya kwanza ya Julai, panda mpaka kwenye lile jiwe. Fika saa saba. Daftari lako njoo nalo. Safari hii wewe ndiye utakayesubiri.

Sisemi nitakuja. Magoti yangu unayajua na moyo wangu siujui mimi mwenyewe. Lakini utasubiri.

Mke wa Fundi Saa


22 Juni

Mama,

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nimechagua jina lisilo na makosa.

Polisi walinihoji mara tatu. Wameandika, wamegonga muhuri, wamesema hakuna sheria ya kusubiri. Mkuu wa polisi aliniambia niende nyumbani nikapumzike. Nilitamani anifokee.

Likizo nimepewa. Tarehe tano Julai nitakuwa jiweni saa saba.

Karani


Daftari la Karani, 5 Julai

Saa 6:35. Nimefika jiweni. Baridi kali, ukungu haujashuka, uko kwenye kigongo unafikiri. Kwale tisa. Bata wawili bwawani. Nimetazama upande mmoja tu, upande wa pili hauna mtu.

Saa 7:00. Saa aliyonitengenezea na jua vinakubaliana. Hajafika.

Saa 7:40. Hajafika. Nimepaona mahali alipokuwa ameegemea. Majani yameota.

Saa 8:15. Manyunyu. Nimeanza kuelewa saa moja ni ndefu kiasi gani ukiwa umesimama. Yeye alikaa saa saba nzima, mpaka watu walipomkuta usiku.

Saa 8:50. Ukungu umeshuka. Njia ya kwenda chini bado naiona. Siendi.

Saa 9:20. Vidole havishiki vizuri. Hajafika. Huenda ameona kitu njiani. Nasubiri.

Saa 9:35. Kuna mtu anapanda. Nimeona koti la kijani, nikasema ni yeye, amechelewa mwaka mmoja, ataomba radhi ya mwaka mmoja. Nimetoa darubini. Anatembea polepole, anashika magoti. Koti ni kubwa kwake, mikono ameikunja. Limefungwa hadi shingoni. Nimehesabu vifungo. Vitano, vyote vipo, na cha juu kabisa hakifanani na wenzake.

Saa 10:00. Mwandiko huu ni wangu mimi, mke wa Fundi Saa. Nimemkuta amesimama pale pale, midomo imepauka. Amelia kabla yangu. Ukurasa wa mume wangu nimepanda nao, ametia sahihi leo, imetoka vibaya lakini ipo. Chai nimepanda nayo kwenye chupa. Kikombe ni kimoja. Nimekunywa mimi kwanza, kisha nimempa.